Kutoka Dondoo hadi Utafiti: Maandalizi ya Mtahiniwa Kabla ya Chuo Kikuu

Kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili (102/3) analifahamu swali la dondoo. Hupewa maneno machache yaliyonukuliwa, kisha huambiwa aeleze muktadha wake kwa alama 4: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa nini maneno hayo yanasemwa. Aghalabu watahiniwa huziona alama hizo kuwa za bwerere, za kujipatia kabla ya kukabili maswali mazito. Hata hivyo, maswali hayo manne ndiyo mtafiti wa fasihi huanza nayo kila anaposhika maandishi yoyote mkononi. Wewe unayetarajia kusomea shahada umekwisha kuyazoea, ila hujaambiwa kwamba huo ni utafiti.

Tatizo ni kwamba umeyatumia kwa vitabu teule pekee. Ukifungua mwongozo huuulizi lolote. Aliyeuandika ni nani? Alitumia toleo lipi la riwaya? Anaposema kwamba mhusika fulani ni katili, ameonyesha ni wapi katika kitabu? Mtihani wenyewe hauyadai hayo. Kila swali lina alama 20, karatasi nzima ina alama 80, nawe una saa mbili na nusu tu za kuandika. Hakuna mtahini atakayekuuliza hoja umeipata kwa nani.

Chuo kikuu mambo hugeuka. Mhadhiri hukupa mada pana na kukuacha utafute swali lako mwenyewe ndani yake. Tena kila wazo uliloazima ni lazima mwenyewe atajwe. Mwanafunzi aliyezoea kukariri hoja huinakili miongozo kama kawaida yake, na kumbe huko jambo hilo huitwa wizi wa kitaaluma na lina adhabu.

Mtihani wa KCSE huisha Novemba, na vyuo vingi huwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza mnamo Agosti au Septemba. Hiyo ni miezi tisa au zaidi. (Waliofanya mtihani miaka ya mwanzo ya 2000 walingoja karibu miaka miwili!) Si lazima utumie muda huo kusoma vitabu vya chuo ambavyo huna. Chukua kitabu unachokijua na ukisome upya kwa njia nyingine.

Tuchukue mfano wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed, riwaya iliyotoka mwaka wa 1980 na iliyowahi kuwa kitabu teule. Mtahiniwa yeyote angeandika kwamba Bwana Maksuudi anamtenga bintiye Maimuna kwa kumfungia ndani, na kwamba utengano huo unamwangamiza. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haina utafiti kwa kuwa haina swali. Sasa uliza: Je, kinachomwangamiza Maimuna ni ukali wa baba, au ni kutoujua ulimwengu alionyimwa? Majibu haya mawili hayalingani. La kwanza linakupeleka kwa Maksuudi, nyumba yake na mamlaka yake. La pili linakutaka umfuate Maimuna baada ya kutoka nyumbani na kuchunguza kila mahali anapofanya uamuzi peke yake: alijua nini wakati huo, nani alimshauri, na angeweza kuchagua lipi jingine. Yamkini utagundua kwamba jibu la kwanza halitoshi kamwe. Au utagundua kwamba Bi Farashuu, mwenye kisasi chake dhidi ya Maksuudi, amechangia kuliko ulivyodhani, na itakubidi ulibadilishe swali lenyewe. Kulibadilisha swali si kushindwa.

Kazi hiyo inahitaji daftari moja. Pigia kila ukurasa mstari katikati. Upande wa kushoto andika maneno ya kitabu yalivyo, ndani ya alama za mtajo, pamoja na ukurasa wake. Upande wa kulia andika unachofikiri wewe. Usichanganye pande hizi mbili, kwani baada ya wiki sita hutakumbuka ni sentensi ipi ilikuwa yako. Kwenye jalada andika toleo ulilotumia, mchapishaji na mwaka, maana kurasa hubadilika toleo hadi toleo.

Ukisha kuwa na swali, tafuta waliotangulia. Uhakiki wa Fasihi (2002) na Kamusi ya Fasihi (2003), zote za K. W. Wamitila, zitakupa istilahi. Makala za jarida la Swahili Forum husomwa bila malipo kwenye intaneti, hata kwa simu. Kila makala ifanyie kama dondoo: nani anasema, anawajibu akina nani, aliandika lini na kwa nini. Mhakiki aliyeisoma Utengano miaka ya 1980 na yule aliyeisoma juzi huenda wasione jambo moja. Kuhusu programu za akili unde, jihadhari: huweza kukutajia ukurasa na makala zisizokuwepo kabisa. Hakikisha kitabuni.

Kumbuka pia kwamba kubadilisha “ukatili” kuwa “unyama” na kuiacha sentensi ya mtu ilivyo hakuifanyi kuwa yako. Soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako, kisha fungua ulinganishe. Na hata hapo, mtaje mwenye wazo.

Mwalimu mwenzangu, haya hayahitaji somo jipya kwenye ratiba. Mwanafunzi anapotoa hoja darasani, muulize, “Umeitoa wapi?” Akitaja mwongozo, mwambie akuonyeshe ukurasa wa riwaya unaouthibitisha. Wakati mwingine hataupata, na wakati mwingine mwongozo utakuwa umekosea. Mpe nafasi aeleze kosa hilo mbele ya wenzake, na mwombe aandike aya moja ya kulisahihisha, yenye ukurasa na toleo.