Je, Chupa Zote ni Sawa?

Fungueni daftari zenu. Kiongozi wa darasa, tafadhali kaa karibu na ubao, maana leo tuna hesabu kidogo.

Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui nchini Kenya, watu walikula mahindi yaliyoingia ukungu. Ndani yake mlikuwa na sumu kuvu. Watu 317 waliugua, na 125 kati yao walikufa. Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Lazima ipimwe katika maabara.

Lakini je, nani humpima mpimaji? Mnajua kwamba mkaguzi wa mizani huja dukani na jiwe lake la kweli, akalilinganisha na jiwe la mwenye duka. Maabara nayo hufanya hivyo. Hununua chupa ya unga ambao kiasi cha sumu yake kimekwisha kujulikana na kuandikwa. Huo ndio unga wa kulinganishia. Mpimaji akipata kiasi kile kile, chombo chake ni kizuri.

Sasa sikilizeni shida yake. Unga huo husagwa na kuchanganywa kwa wingi, kisha hugawanywa katika chupa nyingi. Sumu kuvu hukaa katika punje chache tu. Unga usipochanganywa vizuri, ni kama mboga iliyotiwa chumvi bila kukorogwa: huyu apata chumvi tupu, yule hapati kitu. Maabara iliyopata chupa mbaya itadhani chombo chake kina kosa. Itakirekebisha, na kumbe imekiharibu. Kisha mahindi yenye sumu yatapita, au mahindi mazuri ya mkulima yatatupwa.

Basi, watengenezaji hufanyaje? Hawawezi kupima chupa zote, maana hapatabaki ya kuuza. Huchagua chache, kwa kawaida 10 au zaidi, kwa bahati nasibu, za mwanzo, za kati na za mwisho. Katika kila chupa huchota mara mbili na kupima.

Sisi tutumie chupa tatu tu, kwa mfano. Kiongozi, andika ubaoni:

Chupa ya kwanza: 8 na 10.
Chupa ya pili: 9 na 11.
Chupa ya tatu: 10 na 12.

Wastani wa kila chupa ni 9, 10 na 11. Chupa zinapitana. Lakini tazameni: hata ndani ya chupa moja, michoto miwili inapitana kwa 2. Upimaji wenyewe hauna utulivu kamili. Kwa hiyo hatuwezi kuzilaumu chupa.

Sasa andika tena:

Chupa ya kwanza: 4 na 6.
Chupa ya pili: 9 na 11.
Chupa ya tatu: 14 na 16.

Ndani ya chupa tofauti ni 2 vile vile, lakini wastani ni 5, 10 na 15. Hapa chupa zenyewe si sawa.

Ronald Fisher, Mwingereza, alitunga kanuni ya hesabu hii katika miaka ya 1920. Kanuni hiyo hugawa tofauti baina ya chupa kwa tofauti iliyo ndani ya chupa. Mfano wetu wa kwanza unatoa 1. Wa pili unatoa 25. Kwa chupa tatu zenye michoto miwili miwili, jedwali huweka mpaka wa 9.55. Chupa zikiwa sawa kweli, bahati tupu huvuka mpaka huo mara 5 tu katika 100. Basi 25 si bahati: unga huo urudishwe ukachanganywe upya.

Lakini jihadharini. Mpimaji akiwa na chombo kibovu, tofauti ndani ya chupa itakuwa kubwa, nayo itaificha tofauti baina ya chupa. Kwa hiyo jibu dogo peke yake halitoshi. Kwanza tuulize, aliyepima alipima vizuri?

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini twachota mara mbili katika kila chupa?
2. Ukinunua gunia la mahindi, je, yatosha kutazama punje za juu tu? Kwa nini?

Kwaherini, na anikeni mahindi yenu yakauke vizuri.