Mtutu Mfupi na Mtutu Uliokatwa: Istilahi za Urefu wa Bunduki

Yapo maneno ambayo watu huyatumia kila siku bila kuyapima, na ambayo yakiandikwa ovyo huweza kumtia mtu matatani. Moja ya maneno hayo ni kivumishi "fupi" kinapofuata jina "bunduki".

Tulipokuwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tukikusanya maneno ya uwindaji, tulisimuliwa kisa cha mzee mmoja mwenye bunduki ya risasi aliyoimiliki kwa leseni kwa miaka mingi. Siku moja alipokwenda kuhuisha leseni yake, karani aliyeitazama bunduki ile aliona kwamba mtutu wake ni mfupi kuliko aliyoizoea, naye akaandika katika fomu: "mtutu umekatwa." Mzee alirudi mara tatu kueleza kwamba bunduki yake haikukatwa na mtu, bali ilitoka kiwandani hivyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya haki: mbuzi mwenye pembe fupi si mbuzi aliyekatwa pembe.

Kisa hiki ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Karani hakuwa na nia mbaya, alikosa maneno. Na mahali ambapo maneno yamekosekana, au yamechanganyika, ndipo kazi ya istilahi inapoanzia.

Maneno tuliyo nayo

Kiswahili hakina umaskini wa maneno ya bunduki. Jina lenyewe limetoka katika Kiarabu, nalo limekaa katika lugha yetu muda mrefu kiasi cha kuzaa msamiati wake. Wazee walizitofautisha bunduki kwa namna zilivyowashwa baruti: bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi, bunduki ya gumegume kwa jiwe litoalo cheche, bunduki ya fataki kwa kifuniko kidogo kinacholipuka kinapogongwa, na bunduki ya viasi ilitiwa risasi iliyokwisha fungwa pamoja na baruti yake. Walizitofautisha pia kwa kitu kinachotoka ndani yake: bunduki ya risasi hutoa kipande kimoja, na bunduki ya marisau hutoa punje nyingi ndogo. Gobori, linaloshindiliwa baruti kwa mbele, linajulikana hadi leo vijijini.

Msomaji ataona kwamba katika orodha hiyo hapana hata jina moja linalotokana na urefu. Bunduki za zamani karibu zote zilikuwa ndefu, na jambo ambalo halina tofauti halihitaji jina. Haja ya kutaja urefu imekuja baadaye, nayo imetukuta na maneno matatu yanayogombania mahali pamoja: mtutu, kasiba na mdomo.

Kasiba ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni tete au mwanzi, yaani kitu kirefu chenye uwazi ndani. Kwa hiyo kasiba ni bomba zima la bunduki ambamo risasi hupita. Mtutu nao katika matumizi ya wengi ni bomba hilo hilo. Lakini tunaposema kwamba mtu "ameelekezewa mtutu", tunachofikiria ni ile ncha yenye tundu inayomtazama. Mdomo ndio hasa jina la ncha hiyo; lakini nalo limevuka mpaka, kwa maana bunduki yenye mabomba mawili huitwa "bunduki ya midomo miwili". Basi mtutu unatumika kwa maana ya mdomo, na mdomo unatumika kwa maana ya mtutu. Katika mazungumzo hapana hasara, kwa sababu msikilizaji huelewa. Katika fomu, katika hati ya mashtaka, au katika maelekezo ya fundi, hasara ipo.

Kazi ya urefu

Istilahi haiwezi kutungwa vema na mtu asiyekijua kitu chenyewe. Hatuna budi, basi, kueleza kwa ufupi urefu wa mtutu unafanya kazi gani.

Baruti inapowaka ndani ya chemba, yaani kile chumba cha nyuma kinachopokea risasi, hutoa hewa yenye nguvu inayokisukuma kichwa cha risasi. Hewa hiyo huendelea kusukuma kwa muda wote ambao kichwa kimo ndani ya mtutu. Mtutu ukiwa mrefu, msukumo hudumu zaidi, na kasi ya risasi itokapo mdomoni huongezeka. Baruti nyeusi ya zamani ilifaidika sana na nafasi hiyo, ndiyo maana magobori yalikuwa na mitutu mirefu. Baada ya Ufaransa kuingiza jeshini bunduki ya baruti isiyo na moshi mwaka 1886, majeshi mengine yalifuata, na polepole mitutu ikaanza kufupishwa. Bunduki ya Mauser ya jeshi la Ujerumani ya mwaka 1898 ilikuwa na mtutu wa milimita 740; ile iliyorithi mahali pake mwaka 1935 ilikuwa na mtutu wa milimita 600.

Faida ya urefu ina mpaka wake. Kwa risasi ya kawaida ya uwindaji yenye kipenyo cha milimita 7.62, ambayo hutoka kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde, kila inchi moja inayopunguzwa hupunguza takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde. Mtutu wa inchi 24, yaani milimita 610, ukilinganishwa na mtutu wa inchi 20, yaani milimita 508, tofauti yao haifiki sehemu 5 katika 100. Na kwa risasi ndogo ya kipenyo cha 0.22 ya inchi, baruti yake ni chache hata inamaliza karibu kazi yote ndani ya inchi 16 hivi. Zaidi ya hapo mtutu hauongezi kasi ya maana.

Wengi hudhani kwamba mtutu mrefu hupiga sawasawa zaidi kwa sababu ya urefu wake. Hilo si kweli. Usahihi hutokana na ubora wa mtutu, mifuo iliyochongwa ndani yake ili kuizungusha risasi, na mkono wa mpigaji. Tena kati ya mitutu miwili yenye unene mmoja, ule mfupi ndio mkakamavu zaidi, kwa hiyo hutikisika kidogo. Mtutu mrefu humsaidia mpigaji kwa njia nyingine: huweka umbali mkubwa kati ya alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele. Tuchukue kosa la milimita 1 katika kulinganisha alama hizo. Zikiwa mbali kwa milimita 500, kosa hilo litaipeleka risasi sentimita 20 pembeni kwenye umbali wa mita 100. Zikiwa mbali kwa milimita 700, litaipeleka sentimita 14 tu. Lakini mtu anayelenga kwa darubini hapati faida hiyo, kwa sababu darubini haina alama mbili za kulinganisha.

Porini na kwenye uwanja wa shabaha

Kutokana na hayo twaweza kuelewa kwa nini mwindaji na mlenga shabaha hawachagui mtutu mmoja.

Sura ya nchi ya Ngara na Biharamulo ni ya vilima, miombo, vichaka vya miiba, na mabwawa yenye mafunjo. Katika nchi ya namna hiyo mnyama huonekana kwa karibu na kwa muda mfupi. Mtutu mrefu hunasa katika matawi, huchelewa kugeuka, na humchosha abebaye siku nzima. Kwa hiyo mwindaji wa vichakani hupendelea mtutu mfupi zaidi, wa milimita 500 hadi 560 hivi, naye hukubali kasi iliyopungua kidogo na mshindo mkubwa zaidi masikioni. Mwindaji wa mbuga wazi, ambako nyamera na pofu huonekana kwa mbali, hupendelea mtutu wa milimita 600 au zaidi. Bunduki za risasi nzito zinazotumiwa kwa nyati nazo kwa kawaida hufikia milimita 600 hivi, kwa sababu uzito wa mbele hupunguza kuruka kwa mdomo.

Yatupasa kusema hapa kwamba habari za uwindaji katika wilaya hizi zimebadilika. Mapori ya Akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilomita za mraba 4,707, na katika hifadhi ya taifa uwindaji hauruhusiwi. Mwenye leseni hana budi kuwinda kwingine, mahali na wakati alioruhusiwa. Lakini bunduki zenyewe, na maneno yake, zingali mikononi na vinywani mwa watu.

Kwenye uwanja wa shabaha mambo ni mengine. Mpigaji husimama au hulala mahali pamoja, hana matawi ya kumzuia, wala hana mwendo wa siku nzima. Uzito ulio mbele humsaidia kutulia. Ndiyo maana bunduki za mashindano zinazotumia ile risasi ndogo ya 0.22 hupewa mitutu mirefu kuliko inavyohitajiwa na baruti. Nyingine huongezewa bomba tupu mbele ili kuisogeza mbali alama ya kulengea. Anayelenga shabaha kwa kujifurahisha tu, au anayetaka kuizoea bunduki yake kabla ya kwenda porini, hana haja ya kununua mtutu mwingine: afadhali ajizoeze kwa ule atakaoutumia.

Mfupi na uliokatwa

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tumeona kwamba mtutu mfupi ni chaguo la halali lenye sababu zake. Upo pia mtutu uliokatwa kwa msumeno na mtu asiye fundi, mara nyingi pamoja na kitako, ili silaha ifichike chini ya koti. Wasomaji wa magazeti wanakifahamu kifungu cha maneno "bunduki iliyokatwa mtutu na kitako", kwa maana hukikuta katika habari za ujambazi. Kwa wakazi wa Ngara na Biharamulo si habari za mbali. Baada ya vita vya nchi jirani katika miaka ya 1990, silaha zilisambaa katika ukanda huu, na wasafiri wengi wanakumbuka miaka ambayo mabasi yalipita katika misitu ya Biharamulo yakisindikizwa na askari.

Kwa hiyo, mahali penye kumbukumbu kama hizo, kuandika "umekatwa" badala ya "mfupi" ni kumhamisha mtu kutoka kundi la wawindaji na kumtia katika kundi la majambazi. Kosa la kinyume chake lina hatari pia: kuandika "mfupi" badala ya "umekatwa" ni kumsitiri mhalifu.

Isitoshe, neno "fupi" peke yake halina kipimo. Mwaka 1903 jeshi la Uingereza lilianza kutumia bunduki ya Lee-Enfield ambayo katika jina lake rasmi iliitwa "fupi". Mtutu wake ulikuwa na milimita 640. Leo mwindaji angeuita mtutu huo mrefu. Ilikuwa fupi kwa kulinganishwa na iliyoitangulia tu. Mwandishi wa fomu asitegemee jicho lake. Ategemee futi kamba.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, twapendekeza istilahi zifuatazo. Tumefuata kanuni ya kutumia kwanza maneno yaliyomo katika lugha, na kumpa kila neno mzigo mmoja tu.

Mtutu: bomba zima la bunduki, kuanzia nyuma hadi mbele. Tumelichagua kuliko kasiba kwa sababu linajulikana na wengi, na wingi wake, mitutu, hauna utata. Kasiba libaki kama kisawe katika fasihi.

Mdomo: ncha ya mbele ya mtutu itokapo risasi, na si zaidi ya hapo. Bunduki yenye mabomba mawili iitwe bunduki ya mitutu miwili.

Chemba: sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi. Ni neno ambalo askari wamekwisha lizoea.

Mifuo: michirizo iliyochongwa kwa mzunguko ndani ya mtutu.

Kipenyo cha mtutu: upana wa tundu la mtutu kwa ndani. Kisichanganywe na urefu.

Urefu wa mtutu: umbali kutoka uso wa komeo lililofungwa hadi mdomoni, bila kuhesabu kifaa chochote kilichoskurubiwa mbele. Hupimwa wakati bunduki imehakikishwa kuwa haina risasi.

Urefu wa bunduki: umbali kutoka mwisho wa kitako hadi mdomoni. Fomu itaje vipimo vyote viwili, kwa milimita.

Mtutu mfupi: mtutu uliotengenezwa na kiwanda kwa urefu mdogo.

Mtutu uliokatwa: mtutu uliopunguzwa baada ya kutoka kiwandani. Neno hili liandikwe tu pale penye dalili, kama vile mdomo usiolainishwa, alama ya msumeno, au kukosekana kwa alama ya kulengea ya mbele.

Huenda msomaji akauliza kama kuna haja ya kuhangaika kiasi hiki kwa ajili ya silaha ambayo watu wengi hawatamiliki kamwe. Jibu letu ni kwamba Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka kila mmiliki awe na leseni, na leseni ni maneno na tarakimu. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 nayo inazitaka nchi za kanda yetu kuweka alama na kumbukumbu za silaha. Bunduki iliyoelezwa vibaya Ngara haitatambulikana ikionekana ng'ambo ya mto Kagera.

Twawaomba wasomaji, hasa askari wa wanyamapori, mafundi wa silaha, makarani na wazee waliowahi kuwinda, watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, na maneno mengine wanayoyajua kabla hayajapotea. Hatudai kwamba tumemaliza kazi. Tunachotaka ni kwamba atakapotokea mzee mwingine na bunduki yake mbele ya karani, karani apime kwanza, kisha aandike neno lililo sawa na kile alichokipima.