Fahamu: Jarida la kibingwa la tiba huboreshwaje?

Januari 2013 Chama cha Madaktari cha Marekani kilibadilisha majina ya majarida yake ya kibingwa, na lile la tiba ya macho, Archives of Ophthalmology, likawa JAMA Ophthalmology. Lakini jina jipya peke yake halimhakikishii daktari ukweli wa anachokisoma. Mageuzi mazito zaidi yalianza mwaka 2005, pale kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ilipoweka sharti kwamba jaribio la kitabibu, yaani utafiti unaopima dawa au tiba kwa watu, lisajiliwe hadharani kabla ya kumwandikisha mshiriki wa kwanza, ili matokeo yasiyopendeza yasifichwe. Sharti hilo ni muhimu kwa sababu wataalamu wanaouchambua muswada kabla haujachapishwa hawawezi kuhoji jaribio ambalo halikuwafikia kamwe.