Nembo Haipigwi Picha

Siku hizi vibao vya misikiti na tuzo za wanafunzi wa vyuoni huchongwa kwa leza. Sina ugomvi na leza. Ugomvi wangu ni namna tunavyoipelekea kazi. Mteja huleta nembo ndani ya faili ya PDF, fundi akaipiga picha kwenye kioo cha kompyuta, akaitia mashineni. Ubao ukitoka, kingo zina meno kama msumeno. Na kilichokwisha kuungua hakifutiki.

PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ni kama kasha: hubeba picha za vitone, hubeba na michoro ya mistari. Ikuze nembo mara 10. Ikibaki kali, ni mistari: ifungue kwa Inkscape, programu isiyolipiwa, uondoe yasiyohitajika, uihifadhi kwa SVG. Leza itaufuata mstari wenyewe. Ikifanya ngazi-ngazi ni vitone. Muombe mwenyewe faili ya asili.

Linaloniuma zaidi ni maandishi ya Kiarabu. Kompyuta isipokuwa na hati iliyotumika, huweka nyingine, na pengine herufi zikaachana. Nimeiona Bismillahi imekatika vipande, kila herufi peke yake, kama mtoto wa chuo anayeanza alifu na be! Wakati wa kufungua faili, chagua maandishi yageuzwe michoro. Kisha, kabla ya kuiwasha leza, muite ajuaye kusoma, azihesabu nukta moja moja.