Jitu lililofichwa kwa nguo za mtoto

Ukiona picha za Giant's Causeway kwa simu yako, utaapa kuna fundi alipita pale. Nguzo 40,000 hivi za mawe meusi, nyingi zikiwa na pande sita, zimepangwa kama kabro kutoka ufuoni hadi baharini, kule Ireland Kaskazini.

Wenyeji wanamjua fundi huyo: jitu Finn McCool. Alijenga njia ya mawe avuke hadi Scotland kupigana na jitu lingine, Benandonner. Kumwona tu, akagundua jamaa ni mkubwa kumliko. Akatoka mbio hadi nyumbani. Mkewe Oonagh hakupiga kelele. Alimvisha Finn nguo za mtoto, akamlaza kitandani. Benandonner kufika, akaona "mtoto" huyo. Sasa kama mtoto ni hivi, baba yake je? Akachomoka, akiing'oa njia nyuma yake.

Wanasayansi nao wanasema ni volkano, miaka milioni 60 hivi iliyopita. Lava ilimwagika, ikapoa, ikanywea na kupasuka, vile tope hupasuka bwawa likikauka. Nyufa ziliposhuka chini, nguzo zikabaki.

Lakini usiwacheke wazee. Ng'ambo ya bahari, kisiwani Staffa, Scotland, kuna nguzo kama hizo. Waliona mawe yanayofanana pande mbili za maji, wakauliza swali la maana: nani aliziunganisha?

Shida ya leo si jitu, ni sisi watalii. Watu huchomeka sarafu kwenye nyufa, wengine wakitafuta bahati, wengine mapenzi. Sarafu hushika kutu, hufura na kupasua jiwe. Mwaka 2025, shirika la National Trust linalotunza mahali hapo liliwaomba wageni waache. Na hapo ni turathi ya dunia ya UNESCO tangu 1986!

Usiseme hiyo ni mambo ya wazungu. Sisi pia tuna mawe yenye hadithi. Kit Mikayi kule Kisumu, kwa Kijaluo, ni "jiwe la mke wa kwanza". Siku ukienda, piga selfi zako zote, muulize mwenyeji akusimulie, kisha uondoke bila kuchora jina lako na la mpenzi wako. Mapenzi yenu yanaweza kuisha Disemba. Jiwe litabaki na alama.