Ndege Inaporudishwa Nyuma Entebbe

Wasafiri wengi wanaotoka Kampala na kushuka hadi Entebbe, umbali wa kilomita zipatazo 40, huogopa zaidi safari ya angani, ilhali mwendo wa kwanza wa ndege yao hufanyika ardhini, kinyumenyume, na kwa nguvu isiyo ya ndege yenyewe. Ndege kubwa iliyoegeshwa pua ikielekea jengo la abiria hairudi nyuma kwa injini zake, kwa sababu upepo wa injini hizo ungerusha mawe na vumbi kwenye vioo na kwa watu walio karibu. Kwa hiyo trekta maalumu, fupi na nzito mno, huunganishwa na gurudumu la mbele kwa mtaimbo mrefu wa chuma na kuisukuma hadi kwenye barabara ya ndani ya uwanja. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu, na katika dakika hizo rubani, ambaye ndiye mwenye dhamana ya ndege na ya wote waliomo, hashiki usukani wala haoni anakopelekwa.

Uzito wa jambo hili unaeleweka vizuri kwa kuitazama Airbus A330-800, aina ya ndege mbili kubwa za shirika la Uganda Airlines, ambayo mabawa yake yana upana wa mita 64 kutoka ncha hadi ncha na mwili wake una urefu wa karibu mita 59. Dereva wa trekta hukaa karibu na pua, akiwa ameelekeza uso kwenye tumbo la ndege linalomzibia karibu kila kitu, huku mkia, ambao ndio unaotangulia, ukiwa mbali naye kwa zaidi ya mita 50. Kwa sababu hiyo husimamishwa walinzi kwenye ncha za mabawa, ambao kazi yao ni kuangalia nafasi iliyobaki na kutoa ishara ya kusimama, pamoja na mfanyakazi mwingine aliyevaa spika za masikioni zenye waya uliochomekwa kwenye ndege, ambaye ndiye anayezungumza na rubani. Huyo humwuliza rubani kama breki ya kuegeshea imefunguliwa, husubiri jibu, na mwishoni humtaka aifunge tena. Trekta haliruhusiwi kuachana na ndege kabla rubani hajasema kwamba breki imefungwa.

Kuna pini mbili ambazo abiria hawaziangalii, nazo zinastahili kuelezwa. Ya kwanza huchomekwa kwenye mguu wa mbele wa ndege ili kuutenga usukani, yaani kuzuia nguvu ya mafuta yenye shinikizo isiligeuze gurudumu wakati mtaimbo umelishika, kwani gurudumu likigeuka ghafla, mtaimbo unaweza kumpiga mtu na kumvunja miguu. Pini hiyo hufungwa utepe mwekundu, na kazi inapokwisha mfanyakazi huichomoa, husogea pembeni mahali anapoonekana, kisha huiinua juu mpaka rubani aione na kumjibu kwa mkono. Pini ya pili imo ndani ya mtaimbo wenyewe, nayo imetengenezwa dhaifu kwa makusudi, ili trekta likikata kona kupita kiasi ikatike hiyo badala ya mguu wa ndege. Kurudisha ndege nyuma ni kama kurudisha lori lenye tela, ambapo kosa dogo la mbele huwa kubwa sana nyuma.

Hata hivyo, pini na ishara havitoshi pale ardhi yenyewe isipoaminika. Tarehe 16 Januari 2024, katika uwanja wa New Chitose nchini Japani, ndege ya Korean Air iliyokuwa na watu 289 ilikuwa ikisukumwa nyuma wakati theluji ikianguka, trekta likateleza, na bawa la ndege hiyo likagonga mkia wa ndege ya Cathay Pacific iliyokuwa imeegeshwa bila abiria, hakuna aliyeumia. Entebbe haina theluji, lakini ina mvua kubwa za ukanda wa Ziwa Victoria, na sakafu ya maegesho yenye maji juu ya mafuta yaliyomwagika nayo huteleza.

Msiba wa Mumbai wa tarehe 16 Desemba 2015 ulitokana na jambo jingine, nalo ni kukatika kwa maelewano. Ndege ya Air India iliyokuwa ikielekea Hyderabad ilikuwa imekwisha kurudishwa nyuma, ikaanza kwenda kwa nguvu zake wakati fundi bado yuko karibu nayo, na injini ikamvuta ndani, akafa papo hapo. Karibu zaidi na Uganda, tarehe 12 Novemba 2009, ndege ya RwandAir iliyoruka kutoka Kigali kwenda Entebbe ilirudi Kigali baada ya kidhibiti cha nguvu za injini moja kukwama, na ilipokwisha kufika maegeshoni ikachupa ghafla mbele na kugonga jengo la uwanja, abiria mmoja akafariki. Ajali hiyo ya Kigali haikuwa ya trekta, lakini inaonyesha kwamba ndege iliyosimama, maadamu injini inanguruma, haijawa salama.

Kwa Uganda, mgongano mdogo una gharama isiyolingana na ukubwa wake. Shirika lenye makumi ya ndege kubwa huleta nyingine, lakini Uganda Airlines, ambayo ina A330 mbili tu za kuhudumia safari ndefu kama za Dubai, Mumbai na London, ikipata ufa mmoja kwenye ncha ya bawa hupoteza nusu ya uwezo huo mpaka mafundi waikague na kuitengeneza, na wakati huo minofu ya sangara na maua yanayosafirishwa kwa ndege hayangoji. Ndiyo maana kupunguza walinzi wa mabawa ili kubana matumizi ni hesabu mbaya.

Lililo zito kuliko yote ni kuficha. Mwishoni mwa Desemba 2005, mjini Seattle, Marekani, mfanyakazi aliikwaruza ndege ya Alaska Airlines kwa gari la uwanjani na hakusema. Ndege ikaruka, na ilipofika futi zipatazo 26,000 bati likapasuka kwa tundu la upana wa takriban sentimita 30, hewa ikatoka, na marubani wakalazimika kushuka upesi na kurudi, bila mtu kupoteza maisha. Mfanyakazi wa maegeshoni anayejua kwamba akitoa taarifa atafukuzwa siku hiyohiyo ana kila sababu ya kunyamaza, na kanuni za kimataifa za uchunguzi wa ajali, yaani Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kampuni zinazohudumia ndege Entebbe zingeweza kuipeleka kanuni hiyo hadi kwa kijana anayeendesha gari la mizigo, kwa kumwandikia kwenye mkataba wake wa kazi kwamba anayeripoti mkwaruzo kabla ndege haijaondoka hatapoteza kibarua kwa kuripoti.