Kompyuta Nayo Itoe Sababu



Mwenzetu akiachishwa kazi, kamati ya chama huuliza kwanza: kwa kosa gani? Siku hizi mwajiri aweza kujibu, "Kompyuta ndiyo imesema." Hapo mwakilishi wetu hukwama. Kumbe kompyuta nayo yaweza kuhojiwa.

Mwaka 1977 Bwana Wayne Zachary aliandika habari za klabu ya karate katika chuo kimoja huko Marekani. Mwalimu alitaka ada iongezwe, mwenyekiti akakataa, klabu ikapasuka. Zachary alichora doa kwa kila mmoja wa wanachama 34, akaunganisha kwa mistari wale waliosuhubiana nje ya mafunzo. Kwa mistari hiyo alieleza nani angefuata upande upi, akakosea mtu mmoja tu. (Sisi tuliowahi kuona tawi likigawanyika hatushangai.)

Mchoro wa namna hiyo huitwa grafu, na siku hizi ziko kompyuta zinazofundishwa kuusoma. Kila doa huchukua habari za majirani zake na kuzichanganya na zake. Baada ya mizunguko miwili mitatu, doa limebeba hata habari za majirani wa majirani. Basi kompyuta hiyo hakupimi kwa matendo yako peke yake. Inakupima pia kwa watu uliofungamana nao. Tena hutoa jibu bila kusema imeegemea wapi.

Rex Ying alilishughulikia jambo hilo alipokuwa akisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 2019 yeye na wenzake walitoa njia iitwayo GNNExplainer. Njia hiyo hufifisha mistari ya mchoro na kupima ipi ina uzito katika jibu, mpaka kibaki kipande kidogo kinachotosha kuleta jibu lile lile. Waliijaribu kwa kemikali, ambazo kompyuta ilizigawa kati ya zenye kuharibu urithi wa vijidudu na zisizoharibu. Kipande kilichobaki kilionyesha pete za kaboni na vikundi vya NO2 na NH2, vitu ambavyo wakemia walikwisha kuvijua kwa ubaya huo.

Lakini tusidanganyike. Njia hii hueleza kompyuta ilitegemea nini, haisemi kama ilitenda haki. Hata nyapara aweza kukutajia sababu yake ya kweli, nayo ikawa ya uonevu.

Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Rufani ya Amsterdam iliwapa ushindi madereva wa Uber walioondolewa kazini na mitambo kwa tuhuma za udanganyifu. Iliamua kwamba wana haki ya kuelezwa uamuzi ulifikiwaje, na kwamba mkono wa binadamu katika uamuzi ule ulikuwa wa jina tu. Madereva hao walisaidiwa na chama chao.

Tawi letu limekwisha kuandika kifungu katika madai ya mkataba ujao: uamuzi wowote wa mashine juu ya mfanyakazi uletwe mbele ya kamati pamoja na sababu zake, kwa maandishi, kabla mtu hajapewa barua.